Swali la Baba Kuhusu Ndovu na Tai

Nuu, Kitui
Jumapili alasiri, baada ya ibada

Baba mpendwa,

Wakya? Ninaiandika salamu hiyo kisha ninanyamaza kidogo, kama ambavyo ningenyamaza mlangoni pako, mpaka nikusikie ukijibu "Aa" kwa ile sauti yako ya kanisani. Sasa naweza kuendelea. Natumaini kifua chako kimepoa tangu baridi ilipokwisha, na kwamba goti la Mwaitu, mama yangu, limekubali sasa kumfikisha kanisani na kumrudisha pia. Uliandika kwamba linamfikisha lakini halimrudishi. Nilicheka, kisha nikajuta kucheka, kisha nikamsomea mwalimu mwenzangu naye akacheka, basi nikaacha kujuta.

Mimi ni mzima. Nuu ni kavu. Mto umebaki mchanga mtupu, na wasichana wangu huchimba maji asubuhi kabla ya kuja darasani, kwa hiyo somo la kwanza huwa ni la watu wenye mikono iliyochoka. Tunakula muthokoi wa mahindi na kunde, na siku ya kunde kukosekana tunakula muthokoi na mazungumzo. Silalamiki. Watu wa huku wamenipokea vizuri, ingawa bado wanasema Kikamba changu cha Makueni kina haraka, kama cha mtu anayekimbizwa. Nimeanza kudhani wana haki ya kusema hivyo, na utaona sababu yake mbele.

Barua yako ilinifikia kwa mkono wa kondakta wa basi la Mwingi, imekunjwa ndani ya gazeti. Nimeisoma mara nyingi. Nainukuu hapa, si kwa sababu umesahau ulichoandika, bali ili Mwaitu asikie tena maneno yako yenyewe, maana najua unamsomea kwa sauti: "Binti yangu, sisi ni watu wa ndovu. Huyo Kimanzi wako ni mtu wa tai. Mtu wa ndovu aishije katika nyumba ya tai? Ndovu akifa, ni nani anayemla? Wewe umesoma mpaka chuo kikuu. Nilinganishie wanyama hao wawili kwa haki, kisha nitajua kama wazee wake waje au wakae kwao."

Baba, nimefanya mitihani mingi maishani mwangu, lakini hakuna hata mmoja ambao mtahini alikuwa na mamlaka ya kunizuia kuolewa. Nimeuchukua kwa uzito unaostahili.

Nakubali kwanza msingi wa swali lako. Umetufundisha tangu utotoni kwamba jambo la ukoo na mnyama wake si ibada, ni adabu tu. Kwamba mzee wa kanisa anaweza kumwabudu Mungu mmoja na bado asimtupie ndovu jiwe. Hatumpigi, hatumli, hatumtukani. Watu wa Kimanzi wana adabu hiyohiyo kwa tai, huyu wa mizoga, ambaye vitabu humwita tumbusi. Hatubishani basi juu ya kama adabu hiyo ipo. Tunabishana juu ya kama adabu mbili zinaweza kulala chini ya paa moja.

Nilianza kama nilivyofunzwa, kwa kuchora mstari katikati ya karatasi.

Kwa ukubwa hakuna ubishi. Tai angeweza kulala ndani ya sikio la ndovu na bado akabaki na nafasi ya kukaribisha mke. Kwa sura pia nilitaka kumpa ndovu ushindi, lakini hapo nikasita. Nimewatazama wote wawili kwa karibu, na ukweli ni kwamba hakuna kati yao ambaye angeombwa asimame mstari wa mbele kwenye picha ya arusi. Mmoja amevaa ngozi ya kaka yake mkubwa. Mwingine ameazima koti akasahau kuazima kofia.

Kwa tabia ndipo kalamu ilipoanza kunisumbua. Ndovu huwahuzunikia wafu wake, husimama juu ya mifupa yao kimya. Hilo ni jambo la heshima, nalo nililiandika kwa herufi kubwa upande wetu. Lakini tai naye huhudhuria kila kifo, hata cha asiye wake, hata cha yule ambaye hakuna aliyepeleka habari zake. Ukiliweka kando suala la chakula, Baba, huyo ni mhudhuriaji wa matanga mwaminifu zaidi kuliko nusu ya ukoo wetu. Na nikitaka kuwa mkweli kabisa, hata usipoliweka kando suala la chakula, tofauti si kubwa.

Tena tai akimaliza kula hutafuta maji akaoga. Ndovu akimaliza kuoga hujimwagia vumbi. Na tai hana shida na shamba la mtu. Sijasikia mwanamke yeyote, wa huku wala wa huko, aliyelia kwa sababu tai wamemaliza ndengu zake. Sitaki kusema zaidi juu ya ndengu kwa sasa.

Nikafika kwenye swali lako lenyewe: ndovu akifa, ni nani anayemla? Ni tai, sikatai. Lakini kumla aliyekwisha kufa si uadui. Ndovu mfu aliyelala wiki nzima chini ya jua la Nuu bila mtu wa kumshughulikia angepoteza heshima yake yote kwa njia ambayo hata jirani wa kijiji cha pili angeijua. Huenda tai ndiye anayemsitiri. Hoja hiyo ilinipendeza sana kwa muda kama wa kikombe kimoja cha chai. Baadaye nikajiuliza kama ndovu angeiona kama ninavyoiona mimi, na sikuwa na hakika. Nikatazama tena karatasi yangu nikaona kwamba hoja zote zilikuwa zimeinamia upande mmoja. Na mwanamke anayempenda Kimanzi akigundua kwamba hoja zake zote zimeinamia kwa Kimanzi, hana budi kuzishuku. Nikaikunja karatasi nikaiweka chini ya godoro, na huenda ingekuwa huko hadi leo kama si jambo lililotokea Jumamosi, leo ni siku ya nane.

Mama yake Kimanzi, Syombua, alikuwa amepasuliwa mtoto wa jicho katika hospitali ya Kitui, na alipoanza kuona vizuri aliwaita watu wa kanisa nyumbani kwake kwa shukrani. Nilikwenda pamoja na wanakwaya, Baba, si kama mchumba. Niliketi na wanawake, nikavaa kitambaa kichwani, na sikumtazama Kimanzi isipokuwa pale macho yalipokosa mahali pengine pa kwenda.

Mbuzi alichinjwa. Kimanzi mwenyewe ndiye aliyemchuna, kwa kuwa ni afisa wa mifugo na mkono wake ni mwepesi. Wake wengine wa boma walikuwa wameteremka mtoni kuchota maji. Ini liliwekwa kwenye sinia juu ya jiwe, maana ini ndilo la wageni. Ndipo tai wa kwanza alipotua juu ya paa la jikoni. Wa pili akatua mtini. Wa tatu hakujisumbua na mambo ya juu. Alitua uani na kuanza kutembea, mabawa nyuma, kama afisa wa ardhi aliyekuja kuangalia mipaka.

Hakuna aliyeinuka, hata wanakwaya, maana karibu wote ni wa ukoo huohuo. Kimanzi alisimama na kisu mkononi. Mzee Mwinzi, baba yake mdogo, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, alivuka miguu yake akatazama milima.

"Ndugu zangu," akasema mchungaji, "mnamwona huyo?"

"Tunamwona," akajibu Mzee Mwinzi.

"Basi si mumfukuze?"

"Mgeni hafukuzwi, Mchungaji."

"Huyu si mgeni, mzee. Huyu ni ndege."

"Kwako ni ndege. Kwetu ni mtu mzima."

Mchungaji akainuka nusu. Mzee Mwinzi akanyoosha kidole bila hata kugeuza kichwa. "Keti, Mchungaji. Mama yako alizaliwa nyumba gani?"

Mchungaji akafikiri, akaketi. Mama yake alizaliwa nyumba hiyohiyo. Tai wale walikuwa, kwa hesabu ya adabu, wajomba zake.

Wakati huo yule wa ardhi alikuwa amefika kwenye sinia. Alilitazama ini kwa jicho moja, kisha kwa la pili, kama mtu anayechagua nguo sokoni, kisha akalichukua lote.

"Uui! Ini langu!" akapiga kelele Syombua. "Yaani nimefunguliwa macho nione haya? Afadhali ningebaki na mtoto wangu wa jicho!"

"Fukuza basi, mke wa ndugu yangu," akasema Mzee Mwinzi kwa upole. "Wewe si wa ukoo wetu."

"Nifukuze vipi na daktari amenikataza kukimbia? Amenikataza hata kuinama! Tangu niolewe hapa ni mimi ninayewafukuzia ndege hawa. Leo siku moja tu nimeshindwa, na ninyi mmeketi kama mafiga!" Akageuka akanitazama kwa yale macho mapya. "Mwalimu! Kwenu ni ukoo gani?"

"Wa ndovu, mama," nikasema.

"Bwana asifiwe! Inuka!"

Baba, ningependa kukuandikia kwamba nilitafakari. Nina shahada, na nimezoea kutafakari kabla ya kuhama kiti. Lakini mkono ulikuwa umekwisha kuchukua sufuria na mwiko, na miguu ilikuwa uani, na kinywani mwangu ikatoka sauti ambayo sikujua kwamba ninayo, ingawa naijua vizuri sana. Ilikuwa sauti ya Mwaitu. Nilipiga sufuria kama anavyopiga debe, mbili na moja, mbili na moja, na nikapiga kelele maneno yake yaleyale neno kwa neno: "Tokeni! Hapa mmepanda nini? Nendeni mkalime kwenu!"

Sidhani tai amewahi kuambiwa akalime. Wa paani na wa mtini waliondoka mara moja. Wa ardhi aliniangalia kwa mshangao wa afisa aliyepingwa hadharani, akaangusha ini mavumbini, akakimbia hatua za aibu kabla mabawa hayajamkubali. Kiatu changu cha kushoto kilibaki uani, na kitambaa cha kichwani kilikuwa shingoni. Kisha mwanakwaya mmoja akasema, "Haleluya," na watu wakacheka mpaka mchungaji akalazimika kufuta miwani yake. Ini lilioshwa, likaombewa mara ya pili, likaliwa.

Mzee Mwinzi alisubiri kicheko kiishe. "Msichana huyu ametoka wapi?"

"Makueni, mzee," nikajibu. "Karibu na Mtito, pale mpakani mwa mbuga."

"Ndiyo maana. Hiyo ni sauti ya kufukuza kitu kikubwa." Akamgeukia Kimanzi. "Na wewe, umesimama na kisu kama bwana arusi anayengoja keki. Wa kutufukuzia amefika mpaka uani, unangoja nini? Tufe njaa sote kwa adabu?" Halafu akatueleza, kwa sauti ya mtu anayesema jambo ambalo kila mtu angepaswa kulijua, kwamba hii ndiyo sababu wazee wa kale walikataza ukoo kujioa wenyewe. "Tukioana sisi kwa sisi, tai akija nyumba nzima inaketi. Mke huchukuliwa nje ili awepo mtu mmoja wa kuinuka."

Nimeifikiria kauli hiyo wiki nzima. Sikuikuta katika kitabu chochote nilichosoma chuoni, na kuna uwezekano mkubwa kwamba mzee aliitunga palepale ini lilipokuwa likioshwa. Sina ushahidi wa kuiunga mkono. Lakini nilipoitoa ile karatasi chini ya godoro, niliona kwamba mstari niliouchora katikati nilikuwa nimeuchora mahali pasipofaa. Nilikuwa nimewalinganisha ndovu na tai kana kwamba wao ndio wanaooana.

Nikakumbuka nyumbani. Nakumbuka wewe, Baba, ukisimama mwisho wa shamba asubuhi, kofia mkononi, ukiwaambia ndovu kwa Kikamba safi, "Wazee, naona mmeshiba, sasa rudini salama." Nao wakikusikiliza kwa heshima, wakitafuna. Na nakumbuka Mwaitu, ambaye kwao ni ukoo mwingine na hana udugu wowote na ndovu, akikupita na debe lake, na wale wazee wakigeuka na kuondoka kwa kasi ambayo haikulingana na umri wao. "Mtu wa Mungu," alikuwa akikuambia akirudi, "wewe waombee, mimi niwafukuze." Sote tulicheka. Hakuna kati yetu aliyewahi kusema waziwazi kwamba tulisomeshwa na debe lile.

Katika barua yako umeandika, katikati ya habari za ubatizo na za paa la kanisa, mstari huu mmoja: "Ndovu walikuja, wakamaliza ndengu, niliongea nao sana." Niliurudia mstari huo hadi nikaacha kuona maandishi. Goti la Mwaitu haliwezi tena kufika mwisho wa shamba. Wewe huwezi kuinuka. Mutuku, ndugu yangu, ni damu yako, naye ataketi kando yako na adabu yake. Msimu ujao kutakuwa na mbaazi.

Naogopa kwamba ukifika hapa utasema umekosa miwani. Mwaitu, mwambie asome.

Siku ile ya shukrani, Kimanzi alinisindikiza hadi shuleni, na wanakwaya wawili nyuma yetu, kwa hiyo hakuna lililoharibika. Yeye si mtu wa maneno. Ng'ombe humpenda kwa sababu hiyo. Nilimweleza juu ya Mwaitu na debe ili kujitetea kwa zile kelele, maana bado niliona aibu. Nilitarajia atacheka. Hakucheka.

"Na sasa goti likiwa hivyo," akauliza, "nani anawafukuza?"

Nikasema hakuna.

Tukatembea kidogo. "Debe lenyewe likoje?"

"Limetoboka. Linalia kama kikohozi."

Tukatembea tena. Tulipofika langoni akasema, "Mimi si mtu wa ndovu," akageuka akaenda zake.

Wanakwaya walidhani amenikataa na wakanipa pole. Mimi nilisimama pale langoni nikitabasamu kama mtu asiye na shahada yoyote. Hayo ndiyo maneno ya mapenzi yaliyo wazi kuliko yote ambayo nimewahi kuyasikia kwake, na nakuomba, Baba, aya hii usimsomee Mutuku.

Basi hili ndilo jibu langu, nalo nalitoa kwa mashaka yanayostahili. Sijui ni yupi bora kati ya ndovu na tai. Ninavyozidi kuwalinganisha ndivyo ninavyozidi kuona kwamba swali lina tundu. Ninachokiona kwa uhakika kidogo zaidi ni kwamba nyumba ya watu wa ndovu watupu italiwa na ndovu, na nyumba ya watu wa tai watupu italiwa na tai, na kwamba wewe mwenyewe ulilijua hilo siku ulipokwenda kumposa Mwaitu. Kama nimekosea, nionyeshe kosa nami nitalikubali. Lakini nionyeshe mbele ya Mwaitu.

Ukikubali, wazee wa Kimanzi watakuja baada ya mavuno, na mbuzi wao kama desturi inavyotaka. Mzee Mwinzi ndiye atakayesema. Usimpe kiti kinachotazama milima, la sivyo hatakutazama. Kimanzi ataleta asali ya Nuu, debe zima, na ninakuhakikishia kwa ajili ya mwalimu wa shule ya Jumapili aliye ndani yako kwamba ni asali ya kula, si ya kutengenezea kinywaji chochote. Alizunguka maduka yote ya Mwingi akitafuta debe jipya, akiligonga kila moja kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, mpaka mwenye duka akamuuliza kama anataka kuweka asali au kufungua kwaya. Asali ikiisha, msilitupe wala msipande maua ndani yake.

Nisalimie Mutuku, na umwambie shati lake liko njiani. Nisalimie dada yangu wa Kanyangi akija na watoto wake, na bibi yangu, ambaye najua atauliza tu kama huyo mwanamume ana meno. Mwambie anayo yote. Msalimie mama mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, anayemfulia Mwaitu siku goti linapogoma. Na Mwaitu mwenyewe mshike mkono wake wa kulia, ule wa kupigia debe, umwambie nimeukuta mkononi mwangu.

Neno moja la mwisho. Siku wageni watakapokuja mtachinja, na nyama ni lazima ikae nje kidogo. Tai wakitua, Baba, usiwatazame wageni wako na kungoja, maana hawatainuka hata wakimaliza mbuzi mzima. Inuka wewe. Na jioni ndovu wakija, keti, vua kofia, waongeleshe upendavyo. Atainuka mwingine.

Ni mimi binti yenu,
Mwende